Jezi Niliyoifua

Mabao kawaulize waliokaa jukwaani.
Mimi, Roswitha Kaluza, nilikaa chini ya jukwaa,
chumba kisicho na dirisha, mashine nne, ya tatu ikivuja,
na kwa misimu kumi na minne, ukitoa miwili nitakayoitaja,
nilimjua Henning Dörrkamp kwa tope lake.

Mshambuliaji huchafuka kifuani, akishangilia.
Beki huchafuka paja moja, lile lile,
kama mtu na upande wake wa kitanda.
Kiungo huchafuka kote.
Ndani ya soksi zake nilikuta nyasi za pembe zote nne,
nyasi za mtu anayetumwa kila mahali
na hajajifunza kukataa.

Alikuja ana miaka kumi na tisa, mwana wa dereva wa tramu,
masikio makubwa, miguu kama vijiti vya kiberiti.
Wenzake walitupa jezi sakafuni.
Yeye akaniletea yake mkononi, imekunjwa.
Nikamwambia: kijana, chafu haikunjwi.
Wiki iliyofuata akaikunja tena.

Mgodi ulikuwa umeshafungwa.
Wanaume wa mtaa wetu walikuwa na saa tele na kazi hamna,
na Jumamosi walikwenda kumtazama mtu anayefanya kazi.
Mpira haukukaa kwake. Ulimfikia, ukapita,
kama chumvi inavyopita mezani,
na ni baada ya kuonja tu
ndipo ulipojua imepitia mkono wa nani.

Mwokaji akawa anachora sita juu ya mikate.
Watoto wakanyolewa kama yeye, vibaya, kwa mikasi ya jikoni.
Bibi Plogmann, asiyejua kuotea ni nini,
alimwashia mshumaa siku ya fainali ya kombe.
Tulifungwa mbili kwa moja.
Mshumaa akauacha uwake hadi mwisho:
nimeshaulipia, alisema.

Kisha akaenda. Tusidanganyane, alienda,
kusini, kwenye fedha na milima,
na mwokaji akarudia kuchora jua.
Misimu miwili.
Aliporudi, goti limeshonwa,
walimzomea dakika kumi na moja, nilizihesabu kupitia dari,
mpaka akamnyang'anya mtu mpira
akaupeleka palipokuwa bado hapana mtu,
na mtu akatokea.
Vumbi la dari likaniangukia kwenye sabuni.
Mcheza kwao hutunzwa,
ila kwanza watu wa kwao humfanya asubiri kidogo.

Mwaka wa mwisho daktari alitoka akitikisa kichwa:
kiungo kimekwisha.
Sikuelewa anasema goti
au anamsema yeye.

Mechi ya kuaga ilikuwa sare, bila bao, mvua tupu.
Watu walilia kama waliofiwa, wakanywa kama waliooa.
Jezi ikanifikia nzito, nyeusi hadi kwenye kola,
nami nikafanya nilichokuwa nikifanya kila Jumamosi:
nyuzi sitini, sabuni kijiko na nusu.

Jumatatu akaja Bwana Terhorst wa makumbusho ya klabu,
na vipimo vya kabati la kioo.
Iko wapi, akauliza, na tope lake?
Nikamwonyesha kamba.
Sijawahi kuona mtu mzima akiishiwa maneno mbele ya nguo safi.
Gazeti likaniandika. Mmoja akanitumia barua:
wewe mama umefua historia.
Nilikosa usingizi siku tatu, nisiseme uongo.
Nilikuwa nimefua. Nilijua kufua.

Siku ya nne nikasikia ngazini
hatua moja nzito, moja nyepesi.
Akaishika jezi kambani, akainusa,
masikio yakawa mekundu.
Akacheka mpaka akashika mashine ya tatu, ile inayovuja,
akalowana suruali.
Mama yangu, alisema, naye angeifua.

Akasimama nayo mikononi, hajui aiweke wapi,
mtu ambaye maisha yake yote alikuwa anapokea na kutoa.
Nikamwambia:
hiyo, kijana, sasa kunja.